Maongezi na Wazazi: Mtihani wa Kujipima

Juma hili swali letu latoka Mbulumbulu, kule juu kwenye ukingo wa bonde la ufa, wilaya ya Karatu. Baba mmoja, mkulima wa ngano na mbaazi, atuuliza hivi: "Kijana wangu amemaliza kidato cha sita naye yuko nyumbani. Asema anajifunza lugha ya kompyuta iitwayo Python, na ataka nimpe fedha alipe ada ya mtihani apate cheti. Kila usiku namwona na simu. Nikimuuliza, asema anafanya mitihani ya kujipima. Juzi kaniambia amepata 97 katika 100. Je, haya ni masomo au mchezo? Na kama ni masomo, niuze mtamba?"

Swali jema, nalo si la baba huyu peke yake. Twajua kuna nyumba nyingi ambamo kijana amekaa na simu, na mzee amekaa na mashaka, na kila mmoja amnunia mwenzake. Tutalijibu kwa urefu.

Kwanza tuseme jambo lenyewe ni nini, kusudi na bibi anayesikiliza huku mjukuu akimsomea gazeti apate kulielewa. Kompyuta ni mtumishi mtiifu kupita kiasi, lakini hana akili ya kukisia. Mtoto ukimwambia "kafunge ndama," ajua mwenyewe kamba iko wapi na ndama ni yupi. Kompyuta haijui. Yataka iambiwe: nenda pale, chukua kamba hii, mkamate huyu, zungusha mara moja, kaza, acha. Ukiruka hatua moja, kazi yote yaharibika. Kuandika maagizo ya namna hiyo ndiko kuandika programu, na maagizo yenyewe huandikwa kwa lugha maalum. Python ni mojawapo ya lugha hizo. Ilitolewa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1991 na Mholanzi mmoja, Guido van Rossum. (Jina lake halikutoka kwa chatu, kama wengi wadhanivyo, bali kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza.)

Sasa, kama vile fundi umeme anavyopimwa na kupewa cheti, ndivyo na waandikao programu wanavyoweza kupimwa. Mtihani wa kuanzia katika lugha hiyo hujulikana kwa herufi PCEP, nao hutolewa na chama kiitwacho Python Institute. Toleo lake lijulikanalo kama PCEP-30-02 lina maswali 30 kwa dakika 40, na mtahiniwa hana budi kupata asilimia 70. Ukigawa muda huo, kila swali lapata dakika moja na sekunde 20. Mitihani mingine ni mizito zaidi. Ule wa kampuni ya Oracle wa lugha ya Java, toleo la 17, una maswali 50 kwa dakika 90, na kiwango cha kufaulu ni asilimia 68. Twaeleza haya kusudi mzazi aone kwamba si mchezo wa kubahatisha. Ni mtihani hasa, wenye saa na wenye mpaka.

Basi, mtihani wa kujipima una faida gani? Faida ipo, tena kubwa kuliko watu wengi wanavyofikiri. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba kusoma ni kusoma na kupimwa ni kupimwa: unasoma kwanza, halafu mwalimu anakuja na fimbo yake ya kupimia. Kumbe kule kupimwa kwenyewe kwafundisha. Mwaka 1939 mtafiti mmoja wa jimbo la Iowa, Marekani, jina lake Herbert Spitzer, alitangaza jaribio alilofanya kwa watoto 3,605 wa darasa la sita katika shule 91. Wote walisoma habari zile zile. Walioulizwa maswali mapema, mara baada ya kusoma, walizikumbuka habari hizo baadaye kuliko wale ambao hawakuulizwa upesi.

Mwaka 2006 wengine wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilirudia jambo hilo kwa namna nyingine. Wanafunzi wa kundi moja walisoma habari fulani mara nne. Wa kundi jingine waliisoma mara moja tu, kisha mara tatu wakafunika kitabu wakaandika kila walichokikumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma mara nne ndio walioshinda: walikumbuka sehemu 83 katika 100, na wenzao 71. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walikuwa wamebakiwa na 40 tu, na wale waliojiuliza walikuwa na 61. Tazameni, wazazi! Aliyesoma sana alijiona anajua, na siku ile kweli alijua. Juma moja baadaye maji yalikuwa yamekwisha kuvuja mtungini.

Kwa hiyo baba wa Mbulumbulu asimkataze kijana wake. Kijana amekamata njia yenye nguvu. Lakini lile jambo la 97 katika 100 latutia wasiwasi, na hapa ndipo twataka kukaa kidogo.

Wakulima wa ngano wanajua jinsi ya kujaribu mbegu. Kabla ya kupanda, wachukua punje 100, wazifunga katika kitambaa chenye maji, wazihifadhi mahali pa joto, na baada ya siku kadhaa wazihesabu zilizoota. Zikiota 90, mbegu ni njema. Zikiota 50, afadhali kutafuta mbegu nyingine kuliko kupoteza mvua. Sasa tuseme mkulima fulani azichukua zile zile zilizokwisha kuota, azifunge tena kitambaani, na kesho yake azihesabu. Atapata 100 katika 100! Atafurahi, atawaita na majirani. Lakini gunia zima lililoko ghalani bado hajalijua hata kidogo.

Ndivyo afanyavyo kijana anayerudia mtihani ule ule mara tano. Mara ya kwanza alipata 58. Akatazama majibu. Mara ya pili 74. Mara ya tano 97. Je, amejifunza Python, au amejifunza kwamba jibu la swali la saba ni C? Pengine yeye mwenyewe hawezi kutofautisha, maana moyoni mambo yote mawili yaleta furaha ile ile. Wala si lazima awe mdanganyifu. Akili ya mtu hukariri hata pale mwenyewe asipokusudia.

Wazee waliofundishwa katekisimu kwa maswali na majibu watakumbuka jambo hili. Mtoto alijibu vizuri mno mwalimu wa dini alipofuata mpango wa kitabu, swali baada ya swali, kama wimbo. Siku padre alipokuja akaanzia katikati, au akaligeuza swali kwa maneno mengine, mtoto yule yule alibaki ametazama dari.

Tuchukue mfano kutoka katika Python yenyewe. Hauhitaji kompyuta, yatosha hesabu ya darasa la tano. Una magunia 17 ya mbaazi, na kila safari trekta yachukua 5. Zitakuwa safari ngapi zilizojaa? Tatu, na magunia mawili yatabaki. Katika lugha ya Python, kugawa kwa namna hii huandikwa kwa mistari miwili ya mshazari, hivi: 17 // 5, na jibu ni 3. Masalio huandikwa kwa alama ya asilimia: 17 % 5, na jibu ni 2. Rahisi. Kijana aliyefanya mitihani mingi amelikuta swali hili mara nyingi, na hata usingizini atajibu: tatu.

Siku ya mtihani wenyewe aulizwa: -17 // 5 ni ngapi? Aliyekariri ataweka alama ya kutoa mbele ya jibu lake la zamani, aseme -3. Amekosa! Python hujibu -4. Kwa nini? Kwa sababu alama ile haimaanishi "kata kipande kilichobaki." Yamaanisha "shuka mpaka namba kamili iliyo chini." Ukigawa -17 kwa 5 wapata -3.4, na namba kamili iliyo chini ya hiyo ni -4, kama vile mtu anayeshuka mteremko wa Mto wa Mbu: kila hatua yampeleka chini, wala harudi juu. Tena masalio ya -17 % 5 si -2, bali ni 3, kwa kuwa -4 mara 5 ni -20, na kutoka -20 hadi kufika -17 ni hatua 3. Aliyeelewa sababu hahitaji kuliona swali hili mbele. Aliyekariri, hata akifanya mitihani 100, swali la 101 litamwangusha.

Mfano mwingine, maana huu nao hupendwa sana na watunga mitihani. Katika Python waweza kutengeneza orodha ya vitu ukaipa jina A. Kisha ukisema "B ni A," wengi wadhani sasa kuna orodha mbili. Siyo. Ni orodha moja yenye majina mawili, kama ng'ombe mmoja ambaye baba amwita kwa jina lake na mama kwa jina jingine. Ukimfunga kengele ng'ombe wa mama, usishangae kuisikia kengele shingoni mwa ng'ombe wa baba. Ukiongeza kitu katika B, na A imeongezeka. Kijana akiweza kukueleza hilo kwa mfano wake mwenyewe, hapo amejua.

Kuna jambo baya zaidi ya kurudia mtihani mmoja, nalo twalisema waziwazi. Katika intaneti wapo watu wauzao maswali waliyoyaiba katika mitihani yenyewe pamoja na majibu. Huyatangaza kwa maneno matamu: "utafaulu kwa hakika," "maswali halisi." Mtahiniwa wa mitihani hii huahidi kutoyatoa maswali nje, kwa hiyo anayeyauza amevunja ahadi, na anayenunua ashirikiana naye. Watoa mitihani wakigundua, wana haki ya kufuta matokeo na kumnyang'anya mtu cheti. Tena mengi ya majibu hayo ni ya uongo, kwa kuwa mwizi wa swali si lazima awe ajua jibu.

Nasi Watanzania tulikwisha kuyaona matunda ya njia hiyo. Katika mtihani wa darasa la saba wa mwaka 2011, Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya watoto 9,736 kwa udanganyifu. Na mwaka 2012 serikali ilitangaza kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza wameonekana hawajui kusoma wala kuandika. Walifaulu! Walikuwa na matokeo mkononi, na wazazi walikwisha kununua sare. Mtihani wa kuchagua A, B, C au D una udhaifu huo: asiyejua chochote, akiweka alama kama kipofu kwenye maswali 30 yenye majibu manne manne, bahati tu yaweza kumpa 7 au 8. Akiongeza na kunong'onezewa kidogo, avuka mpaka. Lakini mtoto asiyejua kusoma, cheti hakimsomei barua.

Haya, kijana afanyeje? Tutasema tunavyoona sisi.

Mtihani wa kwanza aufanye mapema, hata kabla ya kumaliza somo, tena kwa saa. Simu nyingine zote zifungwe, ndugu zake wakae kimya kwa dakika 40. Atapata alama ndogo, na hiyo siyo aibu. Alama ya siku ile ni kama kuchimba shimo shambani kuangalia udongo. Asiyatazame majibu kwanza. Achukue daftari, na kwa kila swali alilokosa, na hata lile alilopata kwa kubahatisha, aandike kwa mkono wake: nilidhani hivi, kwa sababu hii. Hapo ndipo afungue majibu. Lile daftari la makosa lina thamani kuliko mtihani wenyewe. Twashangaa kuona vijana wengi hawanalo. Wafanya mitihani 20, wala hawawezi kukuambia huwa wanakosa wapi.

Katika mtihani ule wa PCEP, mambo yamegawanywa katika sehemu nne: misingi ya lugha, asilimia 18, maagizo ya kuchagua njia na ya kurudia kazi, asilimia 29, orodha na namna nyingine za kukusanya data, 25, na funksheni, yaani vipande vya programu vinavyopewa jina na kuitwa vinapohitajika, pamoja na kushughulikia makosa, 28. Kijana aweke makosa yake katika vyumba hivyo vinne. Akiona 15 kati ya makosa 20 yako katika chumba kimoja, ya nini tena kufanya mtihani mwingine kesho? Arudi kwenye somo la chumba hicho mpaka alimalize.

Baada ya hapo aligeuze swali. Kama liliuliza 17, aweke -17. Kama liliuliza orodha ya vitu vitatu, aweke orodha tupu. Akisie jibu kwanza, aliandike, ndipo aiandike programu yenyewe na kuiendesha aone kama Python inakubaliana naye. Usiku umeme ukikatika, au bando likiisha, kazi haisimami: achukue penseli na karatasi, achore safu, aandike thamani ya kila kitu hatua kwa hatua kama kompyuta ingalivyofanya. Kazi hiyo yachosha, na kwa maoni yetu yafundisha kuliko simu. Hata wale wanafunzi wa mwaka 2006 tuliowataja hawakuchagua A wala B. Waliandika kwenye karatasi tupu yale waliyoyakumbuka.

Na apumzike. Swali alilolikosa leo asilirudie leo. Alirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya juma, likiwa limegeuzwa. Mitihani miwili mizima aiweke akiba, asiifungue kabisa, asiwaonjeshe wala rafiki, kama mbegu iliyofungwa ghalani. Hiyo ndiyo itakayosema kweli mwishoni. Akiifanya kwa saa, kwa mara ya kwanza, akapata 85 na zaidi katika yote miwili, yuko tayari. Akipata 70 au 72, bado. Maana mtu aliye juu ya mpaka kabisa, siku moja huangukia huku na siku nyingine kule, na ada hairudishwi kwa sababu ulikosea kidogo.

Mzazi naye asiseme, "Mimi sijui kompyuta, nitamsaidia nini?" Waweza kumsaidia sana. Jioni, chukua simu yake au karatasi yake, lifunike jibu, umsomee swali hata kama hulielewi. Akisema jibu ni B, usimuulize kama ni kweli. Muulize, "Kwa nini si A? Kwa nini si D?" Sikiliza. Anayejua atakueleza, pengine kwa mfano wa magunia au wa ng'ombe, na wewe utaelewa nusu yake. Asiyejua atakasirika, aseme, "Baba, hii huwezi kuielewa." Hapo umekwisha kupata jibu lako, wala hukuhitaji kujua kompyuta.

Kuna na kipimo kingine, nasi twakipenda zaidi ya vyote. Mpe kazi ya nyumbani. Mwambie: niandikie programu ambayo nikiiambia uzito wa kila gunia la mbaazi na bei ya kilo, itanipa jumla ya fedha, na itanionyesha gunia lililo jepesi kupita mengine. Anayejiandaa kwa mtihani wa kuanzia lazima aweze kuifanya kazi hiyo. Akiweza, siku mnunuzi atakapofika na mizani yake, nanyi mtakuwa na hesabu yenu. Akishindwa na huku ana 97 katika 100, basi amehesabu punje zilizokwisha kuota.

Hapa tupite kidogo kwa wazazi wenye watoto wa darasa la saba na kidato cha nne, maana mambo ni yale yale. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Humo, swali kwa swali, wataalamu waeleza watoto wengi walijibu nini, walikosea wapi na kwa nini. Mitihani ya zamani watu wengi wanaitafuta, lakini taarifa hizi wachache wazijua. Kamati ya wazazi ikimwomba mwalimu mkuu azichapishe hata nakala moja ya kila somo, shule nzima itafaidi.

Sasa mtamba. Ada kamili ya mtihani ule wa kuanzia imekuwa dola 59 za Marekani, yaani kama shilingi laki moja na nusu kwa thamani ya fedha ya miaka hii. Kwa hiyo mtamba abaki zizini! Fedha hiyo yaweza kutoka katika mbaazi, au kijana mwenyewe aitafute kwa kibarua wakati wa mavuno. Tena ada aliyoitolea jasho hataichezea. Kabla ya kulipa chochote aulize habari za masomo ya bure ambayo Python Institute na chuo cha mtandaoni cha kampuni ya Cisco wameyaweka wazi kwa mtu yeyote. Anayeyamaliza vema amekuwa akipewa punguzo la ada, na kuna mitihani halali ya kujipima humo ndani isiyodai senti. Mtu anayekuja na mitihani ya kuuza na hali ya halali iko bure, mwache apite. Mtihani ule wa Oracle ni ghali mara kadhaa kuliko huu. Huo asiuguse kabla ya kupata kazi au mfadhili.

Wala tusimdanganye baba huyu kuhusu cheti. Cheti cha kuanzia peke yake hakifungui mlango wa ofisi Arusha wala Dar es Salaam. Waajiri wengi hutaka kuona kazi ambayo mtu amekwisha kuifanya. Lakini kijana mwenye cheti hicho, na programu mbili tatu alizoziandika kwa ajili ya chama cha ushirika au duka la Kambi ya Simba, huyo ana la kuonyesha anapoomba nafasi katika chuo au kazi ya kujifunzia. Na asiye na cheti lakini mwenye programu, kwa maoni yetu, amtangulia mwenye cheti asiye na programu. Ikiwa fedha ni ya kitu kimoja tu mwaka huu, na kijana hana kompyuta ya kufanyia kazi, basi afadhali fedha hiyo ianze akiba ya kompyuta iliyotumika, na mtihani ungoje.

Akiwa tayari kweli, yabaki mambo ya siku yenyewe. Mtihani hufanywa kwa intaneti, na intaneti ya juu kule si ya kutegemea wakati wa ukungu na mvua. Asijaribu kuufanyia nyumbani kwa simu yenye mstari mmoja wa mtandao. Atafute chumba Karatu mjini chenye umeme na mtandao imara, akakijaribu siku moja kabla. Anayetoka Lositete au Upper Kitete ashuke jana yake, maana wakati wa masika barabara mpaka Rhotia ni tope, na mtihani haumngoji mtu ambaye gari lake limekwama. Alale mapema, asifungue mtihani mwingine wa kujipima usiku huo. Asubuhi asome daftari lake la makosa tu. Na anapojiandikisha, jina liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho cha taifa, herufi kwa herufi, maana ndilo litakalochapwa kwenye cheti.